Samaki kuwa mdogo sio leseni ya kumvua hovyo: cheki kapelini, afu rudi kwa dagaa

Kila msimu wa bajeti hapa Dodoma, wizara ya mifugo na uvuvi ikishasoma makadirio yake, mjadala unahamia vijiweni na kuna kauli moja haikosi, kwamba shida ya uvuvi wetu ni hawa samaki wakubwa tu, sangara, sato, migebuka, ila dagaa waacheni watu wavue manake samaki mdogo haishi, anataga mno, anakua chap, ukivua leo kesho wamejaa tena. Nimeisikia kwa wauza dagaa, nimeisikia kwa watu wanaoingia mjengoni, na hata kwa wasomi wenye digrii zao. Mi naona ni kauli ya kivivu, inachukua vitu viwili tofauti, udogo wa mwili na kasi ya kujijaza upya, inavifunga kamba moja halafu inaviuza kama kitu kimoja.

Kuna samaki mmoja wa bahari za baridi anaitwa kapelini ambaye anaivunja hiyo kauli kabisa, na najua mtu atauliza sisi wa Dodoma tusio na bahari wala ziwa kubwa la karibu tunahusika nini na samaki wa Norwei na Newfoundland, subiri kidogo, tutafika.

Kapelini ni mdogo kweli. Mkubwa wake ni sentimita 15 hadi 20 hivi, mwembamba, mgongo una ukijani na ubavu unang'aa fedha. Anaishi Bahari ya Barents juu ya Norwei na Urusi, yuko Iceland, yuko Greenland, yuko pwani ya Newfoundland kule Kanada, na upande wa Pasifiki ya kaskazini yupo pia. Chakula chake ni vile vijidudu vidogo vya majini, kopepodi na krili, na yeye mwenyewe ni chakula cha karibu kila mwenye mdomo kule: chewa wa Atlantiki, nyangumi, sili, ndege wa baharini, na binadamu juu yake. Wajapani wanamtaka jike akiwa na mayai tumboni, na mayai yenyewe ndo yale madogodogo ambayo mara nyingi yanapakwa rangi ya chungwa na kuwekwa juu ya sushi. Wanaobaki wanasagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo na samaki wa kufugwa na mafuta. Sasa hapo ukifikiria vizuri utaona ni dagaa wao tu, kazi ileile kwenye maji na kazi ileile sokoni.

Ila ukifika kwenye uzazi na ukuaji, hapo ndo mambo yanageuka.

Samaki huyu anakua kwa misimu. Kiangazi cha kaskazini maji yakipata mwanga na vijidudu vikachangamka, kapelini anakula kama hana akili nzuri, anajaza mafuta mwilini mpaka kufika vuli mafuta yanaweza kuwa karibu asilimia 20 ya uzito wake, halafu baridi ikishuka kukua kunakaribia kusimama kabisa. Ndo maana kijiwe cha sikioni mwake kina mistari, msimu wa kukua na msimu wa kusimama, wataalam wanaihesabu na kujua umri wake. Yale mafuta aliyoyaweka hayaendi kurefusha mwili tena, kwa jike yanageuka mayai, na akikaribia kutaga mayai yanaweza kuchukua kama robo ya uzito wake mzima. Samaki wa sentimita 16 anabeba mzigo huo.

Na hafanyi hivyo kila mwezi wala kila mwaka. Kwa kawaida anasubiri mpaka awe na miaka 3 au 4, wakati mwingine zaidi, ndo anataga kwa mara ya kwanza, na kwa wengi wao hiyo ya kwanza ndo ya mwisho. Madume karibu wote wanakufa baada ya msimu wa kutaga. Majike wachache wanaponea, hasa upande wa Newfoundland, ila kule Barents ukiwa mtu wa hesabu unachukulia tu kwamba aliyetaga ameondoka. Yaani ni mkulima wa huku kwetu Dodoma mwenye msimu mmoja wa mvua, mbegu yote ya uwele imeingia ardhini mara moja, ghala halina akiba, mvua ikigoma ndo basi.

Hiyo miaka 3 au 4 yenyewe haiendi kwa kalenda, inaenda kwa urefu. Kule Barents watafiti wanapopima mwezi Septemba wanatumia mstari wa sentimita 14: mwenye kuvuka huo mstari anahesabiwa kwamba Machi au Aprili ijayo ataenda kutaga pwani ya kaskazini ya Norwei, asiyevuka anabaki baharini mwaka mwingine. Sasa angalia hii inazaa nini. Mwaka wa chakula kingi samaki wanakua haraka, wengi wanavuka mstari mapema, wengi wanaenda kutaga, na wengi wanakufa. Mwaka wa njaa wanachelewa kukua, kwa hiyo wanachelewa kufa. Mtu aliyezoea kufuga ng'ombe au kuku anaona kukua haraka ni baraka tupu, lakini kwa kapelini kukua haraka ni kusogeza siku ya kifo karibu, na kundi ambalo lote limekua kwa mpigo likataga kwa mpigo linaacha nyuma pengo la watu wazima, likibaki linategemea vitoto peke yake. Mi hii ndo sehemu iliyonifanya niache kusema "samaki wanakua vizuri mwaka huu" kana kwamba ni habari njema yenyewe kwa yenyewe.

Utagaji wake sasa. Barents na Iceland wanataga chini, kwenye sakafu ya bahari yenye kokoto na mchanga. Newfoundland wengi wanataga ufukweni kabisa, Juni na Julai, na ni sherehe ya watu wa pwani ile miaka nenda rudi. Madume yanatangulia yanajazana kwenye maji mafupi yakisubiri, majike yanakaa nje kidogo mpaka yawe tayari, halafu yanaingia na wimbi. Dume ana magamba ya ubavuni yaliyorefuka yakafanya tuta, anamkandamiza jike, mara nyingi madume mawili wanamweka jike katikati, wimbi linawatupa kwenye kokoto, ndani ya sekunde chache mayai na manii vimetoka, wimbi linawarudisha. Jike akimaliza anaondoka. Dume anarudi tena na tena mpaka mwili unachubuka na kuisha nguvu. Watu wanakuja na ndoo na nyavu za mkono wanachota, wengine walikuwa wanamwaga samaki kwenye mashamba ya viazi kama mbolea, na asubuhi ufukwe umejaa mizoga.

Yai ni kama milimita 1, lina gundi, linashika kwenye kokoto na kufukiwa. Kila jike anatoa maelfu, kule Barents ni kama 6,000 hadi 12,000, na hapa ndipo watu wa "samaki mdogo haishi" huwa wanashangilia, elfu kumi bwana! Subiri. Kwenye maji ya nyuzi 10 yai linachukua kama wiki mbili kuangua, kwenye nyuzi 5 linachukua kama mwezi, na muda wote huo liko pale kwenye kokoto, joto likipanda ghafla, au likikauka maji yakirudi nyuma, linakufa. Likiangua, kitoto cha milimita chache hakitoki siku hiyohiyo. Kinakaa katikati ya kokoto kinakula akiba ya kiini cha yai, kinasubiri.

Kinasubiri upepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wawili wa Kanada, Kenneth Frank na William Leggett, walionyesha kwamba vitoto vya kapelini hutoka kwa wingi upepo unapovuma kutoka baharini kuja nchi kavu, kwa sababu upepo huo unasukuma maji ya juu yenye joto kuja ufukweni, maji hayo yana chakula kingi zaidi cha kitoto na maadui wachache zaidi, na mawimbi yake ndo yanayokichokonoa kitoto kutoka kwenye kokoto. Upepo ukichelewa, kitoto kinamaliza akiba kikiwa humohumo ndani, kikitoka kimechoka na kinatokea kwenye maji mabaya. Kwa hiyo mwaka ambao upepo umekuja mara kwa mara ndo mwaka wa watoto wengi, na mwaka wa upepo mbaya hata wazazi wangekuwa wengi vipi matokeo ni yale yale, hafifu. Elfu kumi za mayai sio utajiri. Ni tiketi elfu kumi za bahati nasibu ambayo droo yake inaendeshwa na upepo.

Sasa samaki wa namna hii ukimvua kwa kauli ya "haishi" inakuwaje? Hatuhitaji kubahatisha, imeshatokea. Mwaka 1977 kule Barents walivua karibu tani milioni 3 za kapelini, ndani ya mwaka mmoja. Miaka kumi baadaye, 1987, waliobaki baharini wote kwa jumla walikadiriwa kama tani laki moja. Wavuvi hawakuwa peke yao kwenye hilo, tuwe wakweli: kizazi kikubwa cha heringi, samaki mwingine wa huko, cha mwaka 1983 kiliingia Barents na heringi wadogo wanakula vitoto vya kapelini, chewa nao walikuwa wengi wana njaa. Lakini uvuvi uliendelea kuchukua wakati watoto hawaingii, na kundi ambalo wazazi wake wanakufa baada ya kutaga halina wazee wa kuliokoa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kapelini wenyewe kupungua. Chewa walikonda wakaanza kulana wao kwa wao. Sili walishuka kwa makundi mpaka pwani ya Norwei wakitafuta chakula wakanasa kwenye nyavu za watu. Kwenye kisiwa cha Bjørnøya, hukohuko Barents, ndege wa baharini wanaotegemea kapelini walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1986 na 1987, mwaka mmoja tu. Uvuvi ulifungwa ukafunguliwa tena 1991, halafu kapelini wakaanguka tena miaka ya tisini, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Newfoundland nao walianguka 1991, utagaji ukachelewa kwa karibu mwezi mzima, na waliokuja kutaga wakawa wadogo na wa umri mdogo kuliko wa zamani. Mwaka uliofuata, 1992, Kanada ikafunga uvuvi wa chewa wa kaskazini na watu kama 30,000 wakakosa kazi. Chewa alivuliwa kupita kiasi, hilo halina ubishi, ila kurudi kwake kumekuwa kwa tabu na kapelini kukosekana ni moja ya sababu zinazotajwa.

Haya, turudi nyumbani, manake nilisema tutafika.

Dodoma ni mji wa dagaa kuliko watu wanavyodhani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na dagaa wa Kigoma wamekuwa wakipanda kuja huku vizazi na vizazi, dagaa wa Mwanza wanakuja na malori, dagaa mchele wa baharini wanapanda kutoka Dar, ukienda soko la Majengo unawakuta wote watatu wamepangwa kwa sado na kwa fungu na mama anajua kutofautisha kwa macho. Dagaa na ugali wa mtama na mlenda pembeni, au wamesagwa wakaingia kwenye uji wa mtoto. Na usisahau mabanda ya kuku, dagaa wengi tu wanaishia kwenye chakula cha kuku, jambo ambalo mi binafsi linanikera kidogo kwenye mkoa wenye watoto wengi waliodumaa ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Dagaa wa Ziwa Victoria sio ndugu wa kapelini, na wala sio ndugu wa dagaa wa Kigoma, ni jina tu tumewapa. Wa Victoria yuko kwenye ukoo wa ningu, wa Tanganyika wako kwenye ukoo wa sadini wa baharini. Wote lakini wana maisha mafupi na ya haraka. Dagaa wa Victoria anaanza kutaga akiwa na sentimita 4 na kidogo, kabla hata hajatimiza mwaka, anataga mwaka mzima japo kuna vipindi vya kilele, na akiishi sana ni mwaka mmoja au miwili. Wa Tanganyika anataga katikati ya maji, yai linazama taratibu na kuangua ndani ya siku moja au mbili, linganisha na mwezi mzima wa yai la kapelini kwenye nyuzi 5.

Kwa hiyo wale wa vijiweni wana nusu ya ukweli, na nawapa nusu yao. Dagaa anajijaza haraka kweli. Ila hajijazi haraka kwa sababu ni mdogo, anajijaza haraka kwa sababu yuko kwenye maji ya joto, anakomaa mapema na anataga bila kusubiri msimu mmoja. Kapelini ni mdogo na hana hata kimoja kati ya hivyo. Perege wa bwawa la Mtera ni mkubwa kuliko wote wawili na mayai yake ni machache, mamia tu, lakini mama anayabeba mdomoni mpaka yaangue, na ukimjaza kwenye bwawa dogo anaanza kuzaa akiwa bado mdogo sana mpaka bwawa zima linadumaa, waulize wafugaji wa huku kwa nini siku hizi wanatafuta vifaranga wa dume tupu. Saizi haikwambii kitu. Kinachokwambia ni umri wa kutaga mara ya kwanza, anataga mara ngapi maishani, yai linakaa wapi na kwa muda gani, na kitoto kinategemea nini ili kipone.

Na ile nusu nyingine wanayoisahau ni hii. Samaki anayeishi mwaka mmoja hana akiba. Kapelini pamoja na ugumu wake wote ana vizazi vitatu vinne vinavyoogelea kwa wakati mmoja, wa mwaka 1, wa miaka 2, wa miaka 3, kizazi kimoja kikiharibika kuna kingine nyuma yake. Dagaa wa ziwani unaowaona leo ni wa mwaka huu, basi. Mwaka ukiwa mbaya hakuna wazee waliobaki kuanzisha upya kwa wingi uleule. Kwa hiyo ile kasi tunayoisifia ndo hiyohiyo inayofanya mporomoko wake uje bila kugonga hodi, kipindi hiki nyavu zimejaa na kinachofuata watu wanalaumu mwanga wa mwezi kwamba ndo umeharibu uvuvi wa taa.

Dalili zipo tayari. Watafiti waliofuatilia dagaa wa Ziwa Victoria walishaonyesha kwamba wa sasa wanakomaa wakiwa wadogo kuliko wa zamani, kabla ya sangara kujaa ziwani na kabla ya uvuvi wa taa kupamba moto. Ni kilekile kilichotokea Newfoundland baada ya 1991, mzazi mdogo zaidi wa umri mdogo zaidi. Mzazi mdogo anabeba mayai machache, hilo halihitaji digrii. Mtu akikwambia dagaa bado wapo wengi muulize wana urefu gani.

Na upepo nao uko kwetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha kupita kiasi, rutuba nyingi imelala chini, na upepo wa kusini wa kiangazi kuanzia Mei hivi mpaka Septemba ndo unaochanganya maji na kuipandisha rutuba juu, vijidudu vinaota, dagaa wanakula, migebuka wanakula dagaa. Ziwa likipata joto juu, maji yanagoma kuchanganyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulionyesha hilo limeshaanza, ukakadiria uzalishaji wa vile vimea vidogo vya majini umeshuka kwa kama asilimia 20 na samaki wanaoweza kuvuliwa kwa kama asilimia 30. Kwa maneno mengine hata kama kila mvuvi wa Kigoma angekuwa malaika bado ziwa lenyewe linatoa kidogo kuliko lilivyokuwa likitoa, na sisi tunapanga mipango ya tani kana kwamba upepo ni mali ya serikali.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa hilo. Watu walilalamika, na najua wauzaji wa huku hawakufurahi. Mi niliunga mkono na bado naunga. Muda wenyewe ulichaguliwa vizuri, umeangukia kwenye upepo. Shida yangu ni kwamba kufunga kwa kalenda kunajibu swali la lini, hakujibu swali la wabaki wangapi. Unaweza ukapumzisha ziwa miezi mitatu samaki wakaongezeka vizuri, halafu siku ya kufungua kila mtu aliyekuwa amekaa anaingia na taa za sola mara mbili ya zamani, na ndani ya giza moja au mawili, yaani vipindi vya usiku usio na mwezi ambavyo wavuvi wa taa huingia majini, yale yote yaliyopatikana yamerudi sokoni.

Wenzetu wa kapelini baada ya kupigwa waligeuza swali. Norwei na Urusi kwenye tume yao ya pamoja wana kanuni moja ambayo ukiielewa unaelewa kila kitu: meli zinapima kwa mitambo ya sauti kila Septemba, halafu kiwango cha kuvua kinapangwa ili kuwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba samaki wanaokwenda kutaga hawatapungua tani 200,000. Hawaanzi na tunataka tani ngapi, wanaanza na lazima zibaki ngapi, kinachozidi ndo cha binadamu. Kisipozidi, hakuna uvuvi. Iceland wana kanuni ya aina hiyohiyo, na mwaka 2019 na 2020 walipopima wakakuta hawafiki, hawakutoa hata kibali kimoja cha kapelini, miaka miwili mfululizo, nchi ambayo samaki ni sehemu kubwa ya inachouza nje. Wavuvi walipiga kelele? Ndiyo. Msimu wa 2021/22 samaki waliongezeka wakavua sana tu.

Sisemi tukopi ile kanuni kama ilivyo, itakuwa ujinga. Kapelini anataga mara moja kwa mwaka, unaweza kupima vuli ukajua wa kutaga majira yajayo. Dagaa anataga mwaka mzima, kipimo cha Septemba kikifika Machi ni historia ya babu zao. Kwa dagaa ungehitaji kupima angalau mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya upepo, na mstari wako usiwe tani peke yake bali na urefu: asilimia ngapi ya dagaa wanaotua mwaloni wamefikisha saizi ya kutaga. Hicho kipimo cha pili hakihitaji meli. Kinahitaji rula, ndoo moja ya dagaa wabichi na kijana wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, aliyefundishwa kuandika.

Nishaambiwa mara nyingi kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, mitambo ya sauti ni ghali na sisi hatuna. Lakini Ziwa Victoria limekuwa likipimwa kwa mitambo hiyohiyo tangu 1999, nchi tatu kwa pamoja, TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, ikiwemo, na ripoti zinatoka na ndani yake dagaa ametenganishwa na sangara kwa tani. Uwezo upo. Kinachokosekana ni hiyo namba kufika hapa Dodoma kwenye meza ya bajeti kabla ya kusema mwaka ujao tutavua tani kadhaa, isomwe kwa sauti, waliobaki ziwani ni kiasi hiki na mwaka jana walikuwa kiasi kile, halafu mbunge wa Kigoma, wa Mwanza au wa Kagera asimame aulize kwa nini makadirio ya kuvua yamepanda wakati waliobaki wameshuka. Nimefuatilia hizo hotuba miaka kadhaa sasa, nasikia tani zilizovuliwa, nasikia thamani kwa shilingi, nasikia idadi ya nyavu haramu zilizochomwa moto, makokoro na vyandarua. Namba ya waliobaki huwa naitafuta.